Ombi la Kurudisha Urubani wa Dada Yangu kwa Awamu

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mkurugenzi,
Mfuko wa Mikopo ya Wanafunzi,
Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KURUDISHA MAFUNZO YA URUBANI

Naahidi kukueleza yote, tangu mwanzo hadi asubuhi ya leo, bila kutia chumvi na bila kuficha, hata yale ambayo Mama akijua nimeyaandika atanikata jicho. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua rasmi haina nafasi ya salamu ndefu, lakini Bibi anasema aingiaye bila hodi hutoka bila kwaheri. Nimewasikiliza wote wawili. Shikamoo. Sasa naingia kwenye hoja.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, mwaka wa pili. Mdaiwa wenu ni dada yangu, ambaye ni rubani msaidizi katika kampuni ya ndege ndogo. Rubani msaidizi ndiye anayekaa kiti cha kulia. Mtaani wanamwita Kapteni, lakini kapteni hasa ni yule wa kiti cha kushoto, na kutoka kiti kimoja hadi kingine ni hatua moja ambayo huchukua miaka. Nyinyi ndio mliomkopesha ada ya chuo cha urubani. Baba yetu, ambaye ni fundi wa nguo, aliweka sahihi kuwa mdhamini, na cherehani yake ikaandikwa kuwa dhamana.

Wiki iliyopita karani wenu alitupigia simu kutuarifu kwamba malipo tunayoongezea makato ya mshahara yasipofika mwisho wa mwezi huu, mtakuja kuichukua cherehani. Dada aliposikia hivyo alisema Jumatatu atairudisha sare ya kampuni na kuacha kazi, aende kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka ya Mjomba, ambako mshahara ni mkubwa kuliko wa angani. Mjomba amefurahi. Amemwambia, "Mpwa wangu, tofauti ni ndogo. Yako inaunguruma, yangu inaunguruma. Ila yangu haiendi popote, ndiyo maana inalipa."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Mwalimu wetu wa biashara ametufundisha kwamba mtu akinunua kabati kwa mkopo, akashindwa kulilipia, anaweza kulirudisha dukani, na akishalirudisha haendelei kulilipia. Dada anaacha urubani, lakini ataendelea kuulipia huku akiwa amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Mimi naona hiyo si haki. Kama yeye hautumii tena, uchukueni urubani wenu, mtuachie cherehani yetu. Umetumika kidogo tu, na mwenyewe ni mtunzaji.

Ili usidhani nimekurupuka, naorodhesha hapa malalamiko yetu.

1. Kuhusu mshahara. Siku mshahara wa kwanza ulipotoka, tulikaa sebuleni kuungojea kama mgeni kutoka mbali. Mama alitandika kitambaa kipya mezani. Mshahara ulipofika ulikuwa tayari umekatwa. Umekatwa fedha za Mfuko wenu, ukakatwa za sare, ukakatwa za vipimo vya macho na moyo, ukakatwa za kozi ya ile aina ya ndege anayoendesha, maana kumbe aliyejifunza kurusha ndege hajajifunza kurusha ndege zote. Kilichobaki Mama alikiita chenji. Bibi akakigeuzageuza mkononi, akauliza, "Hii ni nauli ya kwendea kazini, au ndiyo kazi yenyewe?"

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi harusi yenyewe hatukuiona, kwa sababu ada mliipeleka chuoni moja kwa moja. Tumeanzia matangani.

2. Kuhusu saa. Hili ni refu kidogo, naomba uvumilivu.

Rubani hapimwi kwa cheti peke yake. Hupimwa kwa muda aliokaa angani. Kampuni kubwa, zenye ndege kubwa na mshahara wa kueleweka, hutaka mtu awe ameruka sana kabla hazijamwajiri, na ili aruke sana ni lazima kwanza aajiriwe. Dada alikuwa akitueleza jambo hili mezani. Akasema, "Wanataka masaa elfu moja na mia tano, na mimi sijafika hata nusu." Nikamrekebisha kwa adabu, kwa sababu mwalimu wetu amesema saa ni saa, iwe moja au ziwe mia, na "masaa" ni neno la barazani. Dada akasema, "Haya, mwalimu. Wanataka saa elfu moja na mia tano. Sina."

Bibi alikuwa akisikiliza. Alivua saa yake mkononi, ile aliyopewa siku alipostaafu ukunga, akaiweka mbele ya sahani ya Dada. "Anza na hii," akasema.

Sisi tulidhani ni baraka, kumbe ulikuwa mchango. Kesho yake Bibi alikwenda kwenye kikundi chao cha akina mama, akawaambia mjukuu wake amekwamishwa kazini kwa kukosa saa. Akina mama wale si wabahili. Zikaja saa za mkononi, saa za mfukoni, saa zisizo na mikanda, saa zilizosimama tangu wenyewe wakiwa wasichana, na moja ya ukutani ambayo kidege cha plastiki hutoka ndani yake na kulia. Hiyo Bibi alisema ihesabiwe mara mbili, kwa kuwa ina ndege.

Akazitia zote, pamoja na zetu za nyumbani, kwenye mfuko wa shule ambao ni wangu, akazipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni. Alimwambia msichana wa mapokezi, "Mimi ni bibi yake yule binti wa kiti cha kulia. Saa zake hizi hapa. Nyingine zitafuata." Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu, au alikuwa na woga. Alimpa Bibi stakabadhi iliyopigwa muhuri: Zimepokelewa. Dada aliitwa ofisini kueleza, akashindwa kueleza, akalia, na kapteni wake akacheka mpaka akaombwa atoke nje. Saa hazijarudishwa kwa sababu hakuna anayejua ipi ni ya nani.

Matokeo yake ni kwamba nyumbani kwetu sasa hakuna ajuaye ni saa ngapi. Nimechelewa shule na kuadhibiwa kufagia uwanja wa mpira, pamoja na upande wa wavulana. Naomba ufagiaji huo uingizwe kwenye safu ya malipo.

3. Kuhusu kuruka. Karani wenu wa simu ana sauti nzuri, na naamini kwao alilelewa vizuri, lakini hachagui maneno. Alipiga simu Baba akiwa anampima mteja kiuno, kwa hiyo akaipokea Bibi. Spika ya simu yetu haizimiki, ndiyo maana tulisikia wote.

Karani akasema, "Binti yenu ameruka miezi miwili."

Bibi akapiga kigelegele. Akatugeukia na kutangaza, "Miezi miwili! Bila kutua!" Kisha akarudi kwenye simu. "Ubarikiwe mwanangu kwa habari njema. Na kula anakula wapi?"

Karani akasema, "Mama, ameruka malipo."

Bibi akasema, "Anaruka milima, atashindwa malipo?"

Karani akasema, "Namaanisha hajalipa, Mama."

"Wewe ndiye uliyesema ameruka," Bibi akamwambia. "Sasa unageuza maneno. Nipe mkubwa wako."

Mkubwa wake, nadhani, ni wewe. Kama mwezi uliopita uliunganishwa na mama mmoja aliyekuuliza ni nani aliyekufunza kudai watu wakiwa angani, huyo ni Bibi, na nakuomba radhi kwa niaba yake. Mwenyewe hajaomba.

4. Kuhusu sare. Kampuni ilimwuzia Dada suruali iliyoshonwa na mtu ambaye hajawahi kuona binadamu akiketi. Baba aliifumua yote, akaishona upya bila malipo, huku akitoa sauti ya huzuni kila alipofika kwenye mfuko. Kwenye shati nako kukawa na neno. Kapteni ana mistari minne begani, rubani msaidizi ana miwili. Baba aliona miwili ni uchoyo. Akaongeza wa tatu, akisema nguo ya mtoto hununuliwa kubwa ili aikulie. Dada aliufumua kwa wembe ndani ya choo cha uwanja wa ndege, injini zikiwa tayari zimewashwa. Baba alipojua aliumia, na mpaka leo ule uzi ameuhifadhi.

Hasara ya sare haikuishia hapo. Mwenye sare ile huonekana tajiri. Muuza nyanya hutupandishia bei tukiwa bado mbali. Mama akiomba apunguziwe, huambiwa, "Wee mama rubani, mbingu yote ni yenu, nyanya yangu ndiyo unaionea?" Watu pia huja kutukopa. Mwezi uliopita alikuja fundi viatu, jirani yetu. Kumnyima ni aibu, naye Mama hakuwa na kitu. Basi Mama alitokea mlango wa nyuma, akaenda kumkopa mke wa fundi viatu, akarudi, akamkopesha fundi viatu. Sasa tunamdai yeye, tunadaiwa na mkewe, na fedha ni zilezile, hazikutoka nyumbani kwao ila kwa matembezi.

5. Kuhusu zamu ya kusubiri. Kuna siku Dada hana safari, lakini lazima awe tayari, mwenzake akiugua aitwe upesi. Siku hizo hukaa sebuleni kwetu amevaa sare kamili, shati jeupe kama karatasi, simu mapajani. Hatupiki chochote chenye mchuzi. Hatupigi kelele. Hata wateja wa Baba hupimwa kwa kunong'ona. Siku moja simu ililia. Dada akasimama wima, Mama akafungua mlango, Bibi akamkabidhi begi, mimi nikashika kofia. Alikuwa karani wenu.

6. Kuhusu mchumba. Dada alikuwa na mchumba. Alikuwa mhasibu, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Alikuja kujitambulisha, akaelezwa habari ya deni, kwa kuwa Dada hajui kusema uongo. Mhasibu akaomba kalamu. Akaandika, akakata, akageuza karatasi, akaandika tena. Mwishowe akauliza kwa heshima kama deni hilo linahama na bibi harusi au linabaki kwa wazazi. Baba akamjibu, "Linahama naye, pamoja na mashuka." Hajarudi. Kalamu ni ya Mama.

7. Kuhusu tabia. Marubani hufundishwa kuulizana na kujibizana kila kitu kabla ndege haijaondoka. Dada ameileta desturi hiyo nyumbani. Hatuwezi kwenda hata kwenye ibada bila yeye kusimama mlangoni na kuanza: "Jiko?" Mama anajibu, "Limezimwa." "Madirisha?" Mimi najibu, "Yamefungwa." "Mafuta?" Bibi anajibu, "Nimejipaka." Tusipojibu kwa mpangilio, tunaanza upya. Naandika hili ili ujue kwamba mafunzo yenu yameingia sawasawa na mkiyachukua mtakuwa mmepokea kitu kamili, hakijapungua.

Hayo ndiyo malalamiko yenye namba. Lipo pia moja ambalo sikujua niliweke wapi. Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege. Tangu nikiwa mdogo, ndege ikipita Dada huinua kichwa na kuitaja kwa aina yake kabla haijaonekana, kwa mlio tu. Wiki hii zimepita nyingi na hajainua kichwa. Jana moja ilipita chini sana, mpaka vikombe vikalia kabatini, na yeye akaendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imekwisha takata.

Sasa naja kwenye mapendekezo.

Najua utasema elimu hairudishwi, kwamba haina mpini wa kushikia. Nimelifikiria hilo. Dada alipewa mafunzo kidogo kidogo, na fedha mnazidai kidogo kidogo. Basi hata kurudisha kuwe kwa awamu. Awamu ya kwanza atarudisha kuruka usiku. Ya pili, kuruka ndani ya mawingu bila kuona nje, ambalo ni somo la bei kubwa na mnapaswa kulipokea kwa mikono miwili. Ya tatu, atarudisha kona za kushoto na kubaki na za kulia. Nimejaribu kwa baiskeli, na nimethibitisha kwamba kwa kona za kulia peke yake mtu hufika popote, ila anachelewa. Ya nne, kupaa. Kutua naomba kuwe mwisho kabisa, kwa sababu ya abiria.

Makabidhiano yawe rasmi. Kila tarehe ya malipo Dada atafika ofisini kwenu na kusahau mbele ya mashahidi. Karani atamwuliza maswali. Akijibu, hajarudisha. Akishindwa, apigiwe muhuri.

Somo ambalo hajalirudisha litakuwa bado lake, kwa hiyo katika kipindi hicho itabidi aendelee kwenda kazini kama kawaida. Naona pia ni haki arudishe kwa mwendo uleule mnaolipwa sasa, yaani polepole sana. Nimepiga hesabu, na awamu ya kutua itafika karibu na siku yake ya kustaafu. Sikupanga iwe hivyo. Hesabu ndiyo iliyotoka hivyo.

Nyinyi mtafaidika. Urubani mtakaoupokea mtaweza kumkopesha mwanafunzi mwingine kwa bei nafuu, kama mtumba, na yeye ataupata ukiwa umekwisha zoea anga. Kama unaogopa kwamba na wengine watafuata mfano huu, mimi sioni tatizo. Daktari atarudisha mifupa, mhandisi atarudisha madaraja, wakili atarudisha maneno yake yote, na itabidi mpanue kabati. Baada ya miaka michache ofisi yenu itakuwa na elimu kuliko ofisi nyingine yoyote, na sisi wengine tutakuwa wajinga, lakini wajinga wasiodaiwa, ambao wakilala wanalala kweli. Kama hapo itahitajika ndege kwenda mahali, utairusha wewe mwenyewe, maana utakuwa na masomo yote mezani.

Utaniambia pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Tunaijua. Dawa hiyo tumeinywa tangu Dada alipohitimu, na mgonjwa anazidi kuvimba. Kila mwezi mshahara unakatwa, na kila mwezi karatasi yenu inasema deni limekua. Mtoto angekua hivyo, angekuwa amekwisha oa. Mwalimu wa biashara anasema hiyo ndiyo riba. Nilimwuliza kama riba huendelea kukua Dada akiwa angani, juu ya mawingu, mahali ambapo hakuna ofisi. Akasema ndiyo. Nikamwuliza inamfuata kwa usafiri gani. Akaniambia niketi.

Kuhusu cherehani yenyewe, naomba uielewe kabla hujatuma gari. Ni ya kukanyaga kwa miguu, na Baba huikanyaga tangu kabla sijazaliwa. Mimi nimelala kwa mlio wake. Ikisimama ghafla wote huamka na kuuliza kuna nini. Mkiipeleka stoo yenu haitakuwa na mtu wa kuamka.

Nakushukuru tangu sasa kwa jibu ambalo bado hujaliandika. Nisalimie karani wa simu, umwambie Bibi anamwulizia kama ameoa. Nisalimie mlinzi wa mlangoni, na yule mama wa mihuri, na dereva wa lile gari la kuchukulia dhamana, natumaini gari lina hitilafu. Wasalimie watoto wako. Kama nao wamekopa kwenu, wape pole.

Mimi, mwenye utii na mwenye kuudhika,

Mdogo wake mdaiwa.

Tanbihi. Leo ni Jumatatu. Barua hii haikuondoka Jumamosi kwa sababu nilifika posta nikakuta wanafunga. Inanibidi niongeze yaliyotokea, kwa kuwa niliahidi kusema yote.

Jana ilikuwa siku ya safari ya mwisho ya Dada, kwenda na kurudi. Kampuni yao huwapa jamaa za wafanyakazi viti vilivyokosa wateja, naye akatupatia viwili, cha Baba na changu. Baba hakuwahi kupanda ndege. Alivaa koti la harusi yake. Alipofika kwenye kiti hakutazama dirisha, alitazama mkanda, akaupindua, akaukagua mshono, akasema, "Huu kauweka mtu anayejua kazi." Ndipo akaketi.

Tulipokuwa juu hewa ikachafuka. Ndege ikapepetwa kama iko kwenye ungo. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kuomba toba kwa sauti, akitaja na majina, na bwana mmoja mnene akaushika mkono wa Baba bila kumwomba ruhusa. Mara sauti ikatoka juu ya vichwa vyetu: "Mabibi na mabwana, anayezungumza ni rubani msaidizi. Haya ni mawingu tu, tunayapita. Kaeni mkiwa mmefunga mikanda. Tutafika." Ilikuwa sauti yake ya kila siku, ya nyumbani, haina pambo. Yule mama wa toba akanyamaza akiwa katikati ya jina la mtu.

Baba akamgeukia bwana mnene. "Tulia, ndugu yangu," akamwambia. "Huyo anayesema ni wangu." Akamwambia na aliyekaa mbele. Akasimama ili awaambie wa nyuma, mhudumu akamketisha, akamwambia na mhudumu. Mimi nilitazama chini. Niliona mabati, barabara, mto, na viwanja vya shule. Nililitafuta deni letu kila mahali, lakini kutoka pale halionekani.

Tulipotua nyumbani Baba alisimama chini ya ngazi mpaka Dada akashuka. Nilidhani atamkumbatia. Alimnyoosha kola, akasema, "Kesho hurudishi kitu. Wakija kuichukua cherehani, waje. Nilishona kwa mkono kabla sijainunua, na vidole ninavyo."

Dada akasema, "Baba, hili deni ni la miaka, unajua?"

Baba akasema, "Kwani wewe unashukia njiani?"

Leo asubuhi Dada ameondoka na sare yake kwenda kazini. Mjomba amenuna na anatafuta mtu mwingine wa kumpaka unga. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ombi langu lote lililo hapo juu nalifuta. Msichukue somo lolote, hata kona moja ya kushoto. Endeleeni kumdai, ila mdai kama watu wanaojua kwamba atalipa. Ningeiandika barua upya, lakini karatasi nzuri zimekwisha, na malalamiko nayo ni ya kweli. Jumatano Baba atakuja kwenu mwenyewe, na koti lake, kuomba awamu ziwe ndogo zaidi na ndefu zaidi. Hajui kuomba vizuri. Tafadhali mpeni kiti.

Nimebaki na jambo moja ambalo halimhusu Dada, wala Baba, na nyumbani sijalisema kwa mtu. Naomba unijibu mara tu barua hii ikikufikia. Mimi huvaa miwani, siyo mizito sana, na nikiivaa naona vizuri kabisa, hata mbali. Je, mtu wa miwani anaweza kuomba mkopo wa urubani?